Usiende Shangani maji yamejaa

Watu wa Dar wana lalamiko moja kuhusu bichi za Mtwara mjini, kwamba zina mawe, na wanalisema kama vile sisi wenyeji ndio tuliyamwaga pale usiku. Ni kweli mawe yapo. Ukitaka mchanga mweupe mrefu ambao watu wanapitisha mpaka magari juu yake nenda Msimbati, unatoka mjini unapita Madimba kule kwenye mitambo ya gesi unaendelea mbele, ni kilomita 40 na kitu, utaingia kwenye hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ambayo ipo tangu mwaka 2000, utalipa kiingilio chako, utajilaza kwenye mchanga na hakuna atakayekusumbua. Siisemi vibaya Msimbati, ni pazuri mno. Ila mi leo nataka kuongelea mawe, kwa sababu naona yanaonewa.

Kitu cha kwanza kabla hujapanda bajaji ni kuangalia mwezi. Sitanii. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndio tunapata bamvua, siku hizo na moja mbili baada yake, maji yanajaa sana na yanakupwa sana kwa sababu jua na mwezi vinaivuta bahari kwa mstari mmoja, na huku kwetu tofauti ya maji kujaa na maji kupwa siku za bamvua inapita mita 3. Katikati ya hapo mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inakuwa mvivu, haijai sana wala haitoki sana, na mwamba unaonekana mgongo tu. Sasa raha yake ni kwamba bamvua kwa pwani yetu ina saa zake na hazibadiliki: maji yanajaa mida ya saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi yamekupwa kabisa, saa kumi jioni yamejaa tena, afu kesho yake kila kitu kinasogea mbele kama dakika 50 hivi. Ukishajua hilo huhitaji jedwali wala programu ya kwenye simu, ukiona mwezi mpevu tu ushajua kesho saa nne uwe wapi.

Ndo maana mtu akija Shangani saa kumi jioni siku ya bamvua, kanyoosha shati, kabeba kamera yake, anakuta maji yamepanda mpaka juu hakuna mchanga hakuna jiwe, anapiga selfi mbili anarudi hotelini anaposti kwamba Mtwara hakuna bichi. Bichi ilikuwepo saa nne asubuhi, we ulikuwa unakunywa chai.

Shangani kwa asiyepajua ni ule upande wa mji wenye miti mikubwa na nyumba za zamani za maofisa, wenyeji bado wanapaita uzunguni, na unaweza ukatoka sokoni kwa bodaboda ukafika kabla hujamaliza stori moja na dereva. Ukishuka pale ufukweni maji yakiwa yametoka utaona mchanga kidogo tu, hatua chache, afu ndio mwamba unaanza na unaenda, unaenda, mpaka kule mbali kwenye mstari mweupe ambapo mawimbi yanapasukia. Kati ya hapo ulipo na ule mstari kuna rangi ambazo kwenye picha hazitokei, labda simu yangu mbovu sijui, kuna kahawia ya jiwe, kijani ya majani ya bahari yaliyolala chini kwa kukosa maji, halafu vidimbwi, vingine vina upana wa sinia vingine vya kuoga mtu mzima, na kila kimoja kina maji yake yametulia, unaona mpaka chini.

Kaa kwenye kidimbwi kimoja. Hii ndiyo siri na watu wengi hawana subira nayo. Wanapita wanaangalia juu juu wanasema hamna kitu wanaendelea, lakini ukichuchumaa pembeni ukatulia bila kutikisa kivuli chako, baada ya muda kidogo vitu vinaanza kutoka. Kwanza konokono unayedhani ni gamba tupu anainuka anatembea, kumbe ndani yake kuna kaa kapanga. Visamaki vidogo vya rangi ya jiwe lenyewe, vinakaa juu ya mwamba kabisa nje ya maji, ukisogea vinaruka kutoka kidimbwi kimoja kwenda kingine kama vimerushwa. Jongoo bahari mweusi kalala hana habari na mtu. Kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, kimeshika ukingo na miguu yake mitano, na ukiangalia vizuri unaona kinasogea, polepole sana lakini kinasogea. Mi nimewahi kukaa kwenye kidimbwi kimoja mpaka jua likanichoma shingo na nilikuwa sijasogea hata mita moja, na rafiki yangu niliyekwenda naye alikuwa kashafika mwisho wa mwamba karudi anasema amemaliza kuona. Ameona nini sasa.

Na jiwe lenyewe nalo liangalie. Lile sio jiwe la mlimani. Ni matumbawe ya zamani, yalikuwa hai kwenye maji wakati bahari imepanda juu mita kadhaa kuliko ilivyo leo, wanajiolojia wanasema sehemu kubwa ya miamba ya namna hii kwenye pwani ya Afrika Mashariki ni ya miaka kama 125,000 iliyopita, baadaye bahari ikashuka, matumbawe yakabaki nje yakakauka yakawa chokaa ngumu. Pitisha kidole utakutana na vitundu vimepangwa kama sega la nyuki, kila kitundu kilikuwa nyumba ya kiumbe kimoja kidogo. Yale mabapa makali juu yake yanayokata miguu ni kazi ya mvua, maji ya mvua yana asidi kidogo yanalila jiwe la chokaa taratibu, na chini kwenye kimo cha maji mawimbi na konokono na wengineo wanaotafuna jiwe wanalichimba kwa pembeni, ndo maana unakuta jiwe limesimama juu pana chini jembamba unajiuliza linasimamaje.

Viatu sasa. Usije na ndala, zitakwama kwenye nyufa zikatike, na pekupeku usithubutu. Nunua yebo yebo sokoni zile za kufunga nyuma, au raba kuukuu ambayo huioni thamani. Kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanakaa kwenye mashimo, mwiba ukiingia unakatikia ndani na unawasha siku nzima. Kuna samaki wa mawe, huyo humuoni kwa sababu amefanana na jiwe asilimia mia, ukimkanyaga utalia kama mtoto, maji ya moto unayoweza kuyavumilia yanatuliza kidogo lakini hospitali ni lazima. Na watoto wasiachiwe kuokota kila gamba zuri, kuna konokono wa umbo la koni mwenye madoadoa ya kupendeza kuliko kauri zote na ana sumu ya kuua mtu, hilo wavuvi wanalijua ila wageni wanambeba mfukoni.

Hapa ndipo nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo limenifanya niandike. Ule mwamba ukiuangalia kutoka barabarani unaona mandhari, na kweli ni mandhari. Lakini ukishuka utakuta watu wapo kazini. Wengi wao ni wanawake, wameshuka na maji, yaani maji yanavyorudi nyuma na wao wanayafuata, kanga moja kiunoni nyingine kichwani, ndoo au kiroba, na mkononi ufito au nondo nyembamba. Wanatafuta pweza. Wanaume wanaenda mbali zaidi na mitumbwi wanazamia na miwani, ila huu mwamba wa kutembea kwa miguu toka enzi za mabibi zetu ni wa wanawake, na kwa nyumba nyingi tu za pwani hii kitoweo cha leo na daftari la mtoto la kesho vinatoka hapo.

Siku moja nilikuwa nimesimama natafuta pembe nzuri ya kupiga picha, mwanga mzuri kabisa, nikasikia mtu nyuma yangu ananiambia nihame. Bibi mmoja, mtu mzima sana lakini anatembea juu ya yale mawe utadhani ni sakafu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umemsimamia mlangoni."

Nikaangalia chini. Kwa kweli sikuona mlango. Akanionyesha kwa ncha ya nondo: shimo lisilozidi ngumi, mbele yake kuna maganda ya kaa na vipande vya kombe vimerundikwa, na vijiwe viwili vitatu vimesogezwa kuziba. Pweza akila anatupa mabaki yake mlangoni, na akitaka kulala anavuta mawe anajifungia, kwa hiyo anayejua kusoma hizo taka anajua ndani kuna mtu na anajua kala lini, kama ganda la kaa bado lina rangi na halijaota ukijani ni la jana usiku. Bibi akaingiza ufito taratibu, sio kuchoma, ni kumchokoza tu, akasubiri. Mkono mmoja ukatoka ukaushika ufito. Akasubiri tena. Wa pili. Hapo ndo akaingiza nondo kwa mkono mwingine kwa pembeni akavuta kwa mara moja, na kile kilichotoka kilikuwa kinabadilika rangi mbele ya macho yangu, kahawia, nyekundu, nyeupe ya maziwa, kahawia tena, kimemzunguka mkono mpaka kwenye kiwiko. Wala hakushtuka. Akakamata kichwa akakigeuza ndani nje, kama unavyogeuza soksi, mikono ikalegea. Kisha akaanza kumpiga kwenye jiwe. Nilidhani ni pigo mbili tatu, kumbe ni kazi, anapiga na kusugua mpaka povu linatoka, kwa sababu pweza asiyepigwa utamchemsha mpaka mkaa uishe na bado unatafuna mpira.

Nikamuuliza kama wapo wengi siku hizi. Akasema "wapo, ila wadogo, watu hawasubiri". Akaenda zake. Picha niliipiga baadaye, haikuwa na maana tena.

Hilo la kusubiri lina sababu zake. Pweza anakua haraka mno, maisha yake yote ni kama mwaka na kitu hivi, na jike anataga mara moja tu maishani, analinda mayai yake hali chakula, yakianguliwa yeye anakufa. Kwa hiyo ukimvua mdogo umekula hasara mara mbili, nyama kidogo na mayai hakuna. Ndo maana sehemu kadhaa za pwani ya Tanzania wanakijiji wamejiwekea utaratibu wa kufunga mwamba, wanakubaliana kipande fulani hakiguswi kwa miezi kama 3, siku ya kufungua wanashuka wote pamoja, na pweza wanaotoka siku hiyo ni wakubwa. Mi naona ni moja ya mambo yenye akili ambayo nimeyaona yakifanyika kwenye bahari yetu bila makongamano mengi. Na pweza ana soko, sio tu yule wa kukaangwa jioni kwenye sufuria pembeni ya barabara na pilipili, hapana, anagandishwa anapelekwa mpaka Ulaya.

Upande mwingine wa stori ni yale tuliyoyafanya na bado yanafanyika kwa kujificha. Baruti. Mtu wa Mtwara au Lindi aliyekulia pwani anaujua ule mlio, bum ya mbali majini asubuhi, na anajua maana yake ni samaki wengi kwa dakika kumi na mwamba umekufa kwa miaka mingi. Vita dhidi ya mabomu imepunguza sana, lazima tuseme ukweli. Halafu kuna chokaa. Hii watu hawapendi kuiongelea kwa sababu inatugusa wote: miaka mingi tumechimba matumbawe baharini tukayachoma kwenye tanuri za magogo tukapata chokaa ya kujengea na kupaka. Ukienda Mikindani hapo, kilomita 10 tu kutoka mjini, ule mji mzima mkongwe ni mwamba uliohamishwa, kuta za jiwe la matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, na sehemu plasta ilipodondoka unaviona vile vitundu vyangu vya sega palepale ukutani kwenye kichochoro. Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866 alipitia hapo Mikindani, na Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1895, lile ambalo sasa ni hoteli, ule mji wa mawe waliukuta. Siwalaumu waliojenga zamani, walichukua walichohitaji. Lakini tanuri la leo linalokula matumbawe hai kwa ajili ya kupaka ukuta wa baa mi sina maneno nalo. Na matumbawe yenyewe yana shida zake tayari, mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi yalipauka pwani nzima ya Afrika Mashariki na mengi yakafa, hayahitaji msaada wetu kufa.

Sasa mgeni naye asijione yumo nje ya hili. Mwamba wa karibu na ufukwe ni jiwe lililokufa tembea upendavyo, lakini ukisogea kule mbele karibu na mawimbi unaanza kukutana na matumbawe hai, yana rangi, yana utelezi fulani, hapo simama. Kila ukikanyaga umevunja kitu kilichochukua miaka kuota. Nimeona vijana wamepanda juu yake kutafuta engo ya picha, wameng'oa na kipande wanapeleka nyumbani kuweka juu ya tivii. Na chupa za maji mnaziacha kwa nani? Maji yakijaa zinaondoka ndiyo, zinakwenda Msangamkuu ng'ambo, watu wa huko hawajawakosea kitu.

Muda wa mwaka nao una mambo yake. Kusi ikivuma, kuanzia kama Mei mpaka Septemba Oktoba, kuna ubaridi mzuri wa kutembea ila bahari imechafuka, mawimbi makubwa kule mwisho wa mwamba, na ndio miezi nyangumi wanapita, kuanzia Julai hivi mpaka Novemba, ukiwa na bahati na macho mazuri unaona mvuke unaruka mbali. Kaskazi ikiingia kuanzia Desemba bahari inalainika, maji yanakuwa safi kiasi kwamba vidimbwi vinaonekana kama havina kitu ndani, lakini jua lake sasa, njoo na kofia. Bamvua kubwa kabisa zinakuja Machi na tena Septemba na Oktoba, hizo ndo siku mwamba unafunguka mpaka sehemu ambazo mwaka mzima hazioni jua. Mi kama ningepangiwa kuja mara moja tu ningekuja Oktoba, korosho zimeanza kuanguka, mabibo yapo kila njia, na bahari iko katikati ya pepo mbili imetulia.

Watu wa Lindi najua mtaniandama kwamba sijawataja. Ghuba yenu nzuri, kile kivuko cha Kitunda nakipenda, na jioni ya pale ufukweni mjini haina mfano, lakini mto Lukuledi unamwaga matope yake humo na vidimbwi vya kuonekana mpaka chini hamna, tusidanganyane.

Onyo moja kubwa ambalo sitalirudia. Maji yakianza kurudi hayaji kutoka mbele unakoangalia. Mwamba hauko sawa, una mabonde, na maji yanapitia mabonde kwanza, kwa hiyo unaweza kuwa umesimama kwenye jiwe kavu kabisa unaangalia mawimbi yako bado mbali, kumbe nyuma yako kuna mfereji umeshajaa mpaka kiunoni na una mkondo. Angalia wale wanawake. Wao hawavai saa. Ukiona wameanza kugeuka na viroba vyao, hata kama we bado unaona kidimbwi kimoja kizuri mbele, geuka. Siku za bamvua ukihesabu saa moja na nusu baada ya maji kukupwa kabisa uwe umeshakaribia mchanga, usibishane na bahari kuhusu hilo.

Ukitoka hapo utakuwa na njaa ya kweli. Tafuta mama anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini inachemshwa na chumvi, Mtwara inauzwa barabarani kwenye beseni na hakuna mji mwingine nimeila ikanoga hivyo, weka na pilipili ya unga. Mchana pweza wa nazi na ugali wa muhogo, au wali kama we ni mtu wa wali.

Shemeji yangu wa Dodoma anakuja bamvua ya Oktoba na familia nzima, hajawahi kuona bahari ikikupwa. Jana kanipigia simu ananiuliza kama pale Shangani kuna viti vile vya kulala na miamvuli. Nimemwambia anunue yebo yebo za watu wote watano, na saa nne kamili asubuhi tuwe tumeshuka, chai tutakunywa baadaye.